Kumchangia Rafiki Upasuaji wa Uso: Somo kwa Vikundi vya Kijamii vya Lushoto na Milima ya Usambara

Utangulizi

Mgonjwa wa uso atokaye Mlalo, Soni, Bumbuli au Mtae mara chache hufika kliniki peke yake. Huja na ndugu, na mara nyingi huja pia na rafiki aliyeshika daftari la michango. Ndani ya daftari hilo mna majina ya wauza karoti, waendesha bodaboda, walimu, waumini wa msikitini na wa kanisani, pamoja na kiasi ambacho kila mmoja ametoa. Daftari hilo ni sehemu ya matibabu sawa na kisu cha mpasuaji, kwa sababu lisipokuwapo kisu hakifanyi kazi. Hata hivyo, vyuo vyetu vya tiba hufundisha matumizi ya kisu kwa miaka mingi, na kuhusu daftari hufundisha kidogo sana.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya rafiki huyo. Baada ya kuyasoma, msomaji ataweza kueleza ni magonjwa gani ya uso yanayohitaji mchango mkubwa na ni yapi yasiyouhitaji. Kutayarisha bajeti inayoyafikia matibabu hadi mwisho. Kuendesha mchango kwa uwazi bila kumdhalilisha mgonjwa. Na kutambua kipindi ambacho michango mingi hukauka ilhali mgonjwa bado yumo njiani.

Uso na kazi zake

Watu wengi hudhani kwamba upasuaji wa kurekebisha uso ni anasa. Fikra hiyo hukwamisha michango kabla haijaanza, nayo haina msingi wa kitabibu. Kope la chini likivutwa na kovu la moto, jicho halifungi. Jicho lisilofunga hukauka, kioo chake hupata vidonda, na mwisho wake ni upofu. Midomo isipokutana, mate humwagika na chakula hutoka. Taya likipinda, meno hayakutani na mgonjwa huishi kwa uji. Pua ikiziba, usingizi hukatika. Juu ya hayo yote, uso ndio unaotumika katika kusalimu, kuuza sokoni, kufundisha darasani na kuposa au kuposwa.

Kwa hiyo ni vema kutenganisha tangu mwanzo urekebishaji na urembo. Urembo hubadilisha kiungo kilicho kizima kwa matakwa ya mwenyewe. Urekebishaji hurudisha kazi na umbo lililopotea kwa ugonjwa, ajali, moto au kasoro ya kuzaliwa. Tofauti hii ina thamani ya fedha, kwa kuwa mifuko ya bima kwa kawaida haigharimii urembo. Barua ya daktari ikisema tu kwamba mgonjwa ana kasoro usoni, inaweza kukataliwa. Ikieleza kwamba mgonjwa hawezi kutafuna, kufunga jicho au kutamka maneno, msomaji wake anaelewa kwamba hili ni suala la afya. Rafiki mwenye daftari ana haki ya kumwomba daktari, kwa adabu na kwa idhini ya mgonjwa, aandike kazi iliyopotea pamoja na jina la ugonjwa.

Mgonjwa wetu wa mfano

Ili somo lieleweke, tuchukue mfano wa kufundishia. Mwanamke wa miaka 28 analima kabichi na karoti katika bonde moja karibu na Mlalo, naye ni mwanachama wa kikundi cha VICOBA chenye wanawake 25. Kwa miaka mitatu taya lake la kushoto limekuwa likivimba polepole bila maumivu. Meno mawili yamelegea na kung'oka. Sasa hujifunika kanga hadi puani hata juani, na sokoni amemwachia dada yake meza ya kuuzia. Mficha maradhi kilio humfichua; katika mfano wetu, kilichomfichua ni rafiki yake wa kikundi, aliyegundua kwamba hali tena chakula mbele za watu.

Katika nchi yetu, uvimbe wa namna hii kwa mtu mzima kijana huwaelekeza madaktari kufikiria, miongoni mwa mengine, ugonjwa uitwao ameloblastoma. Huu hutokana na chembechembe zinazohusika na utengenezaji wa meno. Mara nyingi hukaa nyuma ya taya la chini. Kwa kawaida hausambai mwilini kama saratani, lakini hula mfupa, huutanua, na ukiachwa hufikia ukubwa wa kuzuia kula na hata kupumua. Hauponi kwa dawa za kupaka, kwa kuchanjwa wala kwa kung'oa jino. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi, na pengine hurudi baada ya miaka mingi. Kwa sababu hiyo, uvimbe mkubwa huondolewa pamoja na sehemu ya taya, ukiwamo ukingo wa sentimita moja au zaidi wa mfupa mzima.

Baada ya kuondoa kipande hicho, taya huwa na pengo. Mpasuaji huunganisha ncha mbili zilizobaki kwa bamba la titani. Bamba hilo hushikilia umbo, ila halikuumbwa kubeba nguvu ya kutafuna maisha yote. Baada ya muda linaweza kuvunjika, skrubu zikalegea, au likatoboa ngozi na kuonekana nje. Ndiyo maana pengo linahitaji mfupa. Pengo fupi hujazwa kwa mfupa unaotolewa nyongani. Pengo refu huhitaji mfupa mwembamba wa mguu, fibula, uliochukuliwa pamoja na mishipa yake ya damu, ambayo huungwa na mishipa ya shingo kwa msaada wa darubini. Upasuaji wa aina hii ya pili huchukua saa nyingi na hufanywa katika vituo vichache. Mfupa huweza kuwekwa siku ileile ya kuondoa uvimbe au baadaye, kwa uamuzi wa daktari. Mwishoni kabisa huja meno ya bandia.

Msomaji azingatie kwamba tumetaja hatua kadhaa. Mchango ulioandaliwa kwa ajili ya "operesheni" moja utaishia kwenye bamba la chuma, na mgonjwa atabaki nusu njia.

Hatua ya kwanza: ukweli kabla ya fedha

Mchango hautangulii uchunguzi. Mgonjwa aanze katika kituo cha afya kilicho karibu naye, kisha Hospitali ya Wilaya ya Lushoto au Hospitali ya Bumbuli, na apate barua ya rufaa. Kutoka Usambara njia za rufaa ni tatu: Hospitali ya Bombo jijini Tanga, Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia kanda ya kaskazini ukiwamo Mkoa wa Tanga, au Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Huko hupigwa picha ya taya, na hukatwa kinyama kidogo cha kupimwa maabara. Kipimo hiki, ambacho madaktari hukiita bayopsi, ndicho kinachotaja jina la ugonjwa. Bila jina hakuna bajeti. Kuna kubahatisha tu.

Kipimo hiki pia huokoa fedha za watu, kwa kuwa si kila uvimbe wa taya huhitaji kisu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya wa watoto wa Afrika ambao leo hujulikana kwa jina lake. Uvimbe huo hukua kwa kasi ya ajabu, na tiba yake kuu ni dawa za saratani. Mtoto ambaye taya lake limevimba ndani ya siku au wiki chache hapaswi kusubiri mchango wowote isipokuwa nauli. Wanakikundi wakikaa miezi minne kukusanya fedha za upasuaji, watakuwa wamemwua kwa upendo. Muhimbili kuna huduma ya saratani za watoto inayotolewa bila malipo kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha; kinachotakiwa ni mtoto afike mapema.

Kundi jingine lisilohitaji mchango mkubwa ni watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa, ambao mitaani huitwa mdomo sungura. Duniani kasoro hii humpata takribani mtoto mmoja kati ya kila 700. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, pamoja na hospitali nyingine zinazoshirikiana na shirika la Smile Train, huwafanyia watoto hawa upasuaji bila malipo. Familia ya namna hiyo inahitaji nauli, chakula, na mtu wa kumwangalia ng'ombe na watoto waliobaki nyumbani. Kijiji kinaweza kutoa hayo ndani ya wiki moja.

Kabla ya kutangaza mchango, rafiki aulize pia maswali matatu. La kwanza: je, mgonjwa ana bima? Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, Mfuko wa Afya ya Jamii kwa sheria ya mwaka 2001, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mafao ya mifuko hutofautiana na hubadilika. Kwa hiyo iulizwe ofisi ya bima ya hospitali yenyewe, tena kwa jina la huduma inayotakiwa, sio kwa maneno ya jumla. La pili: je, mgonjwa anastahili msamaha? Kila hospitali ya rufaa ina Afisa Ustawi wa Jamii ambaye hutathmini hali ya wasio na uwezo. Aendewe mapema, huku mgonjwa akiwa na barua ya serikali ya kijiji. Kumwendea baada ya deni kulimbikizana ni kumfunga mikono. La tatu: je, ipo kambi ya madaktari bingwa itakayofika karibu? Kambi hizo hupunguza gharama, ila ni lazima ijulikane ni nani atakayemfuatilia mgonjwa baada ya wageni kuondoka.

Hatua ya pili: bajeti inayofika mwisho

Bajeti nzuri huwa na mafungu matano. Fungu la kwanza ni uchunguzi: picha, kinyama, vipimo vya damu. La pili ni upasuaji wenyewe, likijumuisha bamba, skrubu, dawa za usingizi na kitanda. La tatu ni safari na malazi. La nne ni lishe na kipato kilichopotea. La tano ni tahadhari. Hospitali iombwe makadirio ya maandishi kwa mafungu mawili ya kwanza, tena kwa hatua zote na si kwa hatua ya kwanza peke yake. Mafungu matatu yaliyobaki hakuna hospitali itakayoyaandika; ni kazi ya kikundi.

Fungu la safari ndilo hudharauliwa zaidi, hasa kwa wakazi wa milimani. Tuhesabu. Mgonjwa wetu atahitaji safari zisizopungua sita: kliniki ya kwanza na picha, majibu na mpango, upasuaji, ukaguzi wa kidonda, kuwekwa mfupa, ukaguzi wa mfupa. Kila safari ni kwenda na kurudi, na wasafiri ni wawili, yaani mgonjwa na mwuguzaji. Mara sita kwa mbili kwa mbili ni nauli 24. Hapo hatujataja gari dogo la kutoka kijijini hadi Lushoto mjini, chakula cha njiani, wala usiku atakaolala mwuguzaji mjini. Isitoshe, barabara ya kushuka Mombo hupita katika miteremko mikali, na mvua kubwa huweza kuporomosha udongo na kuifunga. Anayetarajiwa kliniki siku ya Jumatatu wakati wa masika asisafiri Jumapili jioni.

Lishe nayo iandikwe. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa taya hula vyakula laini kwa wiki kadhaa. Uji mtupu hautoshi. Unahitaji maziwa, karanga zilizosagwa, mayai, maparachichi, maharage yaliyopondwa na kuchujwa. Kidonda kisicholishwa hakifungi vizuri. Aidha, mkulima wa mboga aliyekaa nje ya shamba miezi miwili amepoteza msimu. Kikundi kisipohesabu hasara hiyo, familia itaihesabu yenyewe kwa kuuza kuku, halafu mbuzi, halafu kipande cha shamba.

Fungu la tahadhari liwe walau sehemu moja kwa kumi ya jumla. Kidonda kinaweza kuingia wadudu, kitanda kinaweza kukosekana, upasuaji unaweza kuahirishwa siku mgonjwa akiwa amekwisha kufika.

Upo pia mchango usio wa fedha. Upasuaji mkubwa wa uso huweza kuhitaji damu. Mtu mwenye umri kati ya miaka 18 na 65, mwenye afya njema na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Kijana asiye na shilingi ana damu. Vivyo hivyo msaragambo, ambao watu wa milimani wameutumia miaka mingi kuchimba barabara na kujenga madarasa, unaweza kutumika kupalilia shamba la mgonjwa. Wanakikundi kumi wakipalilia siku moja, wamechangia fedha ambayo vinginevyo ingelipwa kwa vibarua.

Hatua ya tatu: kuendesha mchango

Kamati iwe ndogo: mwenyekiti, mweka hazina, na mwandishi ambaye si ndugu wa mweka hazina. Mgonjwa mwenyewe, au mtu aliyemteua, awe na nafasi katika kila kikao. Ni hatari rafiki mwenye bidii kugeuka mwenye kuamua. Mwenye uso ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu hospitali, tarehe, na hata kuhusu kufanyiwa upasuaji au kutofanyiwa. Anaweza kukataa baada ya fedha kukusanywa, na kukataa huko si utovu wa shukrani. Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza kabisa iandikwe katika muhtasari: fedha zikibaki, mgonjwa akiahirisha, au Mungu akimchukua, fedha zitakwenda wapi? Swali hili ni gumu kulitamka, lakini likitamkwa mapema huzuia ugomvi unaovunja vikundi.

Tutofautishe pia zawadi na mkopo. Vikundi vya VICOBA huwa na mfuko wa jamii, ambao hutumika kwa misiba na maradhi ya wanachama, na huwa na mfuko wa mikopo wenye riba. Mgonjwa asipewe mkopo kwa jina la mchango. Taya linalopona haliwezi kurejesha rejesho la kila wiki.

Sasa hesabu ya makusanyo. Ikiwa wanawake 25 watatoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa wiki, kila wiki itapatikana shilingi 50,000, na katika wiki 26 shilingi 1,300,000. Haba na haba hujaza kibaba, lakini nusu mwaka imepita. Kwa hiyo mchango wa kila wiki unafaa kwa nauli na lishe za muda mrefu, na malipo makubwa ya hospitali yatafutwe kwa njia nyingine: kadi za mchango, wafanyabiashara wa mboga wanaopeleka mizigo Dar es Salaam, na wenyeji wa Usambara waishio mijini. Ahadi zisihesabiwe kama fedha. Zikiahidiwa shilingi 3,000,000, kamati ipange kana kwamba zitafika 2,000,000. Zikifika zote, ziada iingie fungu la tahadhari. Na kwa kuwa kipato cha mkulima hufuata mavuno, siku ya kulipa ahadi ipangwe baada ya mauzo, wala isiangukie majuma ya kununua mbegu na mbolea.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kinachoingia na kinachotoka kiandikwe siku hiyohiyo, na stakabadhi zihifadhiwe. Fedha zikusanywe katika akaunti ya kikundi, iwe benki au kwenye simu, inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja kutoa. Malipo ya hospitali yafanywe moja kwa moja kwa hospitali, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na ofisi ya fedha, kamwe yasipitie mkononi mwa mtumishi mmoja mmoja. Kila mwezi kamati isome hesabu mbele ya wachangiaji, hata kama mwezi huo hakuna kilichoingia.

Picha ya mgonjwa

Siku hizi mchango huanza kwa picha katika kundi la WhatsApp. Picha ya uso ulioharibika huamsha huruma haraka, na kwa sababu hiyo hutumwa haraka, wakati mwingine kabla mwenyewe hajaulizwa. Madhara yake ni ya kudumu. Taya litarekebishwa, na picha itaendelea kuzunguka. Miaka kumi baadaye mtoto wa mgonjwa ataiona katika simu ya mtu asiyemjua. Pia picha iliyotumwa ovyo huchukuliwa na matapeli, wakaiwekea namba zao wenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini hata pasipo sheria, adabu ya kitabibu inatosha kutuongoza. Mgonjwa aulizwe faraghani, mbali na macho ya wafadhili, naye aelezwe kwamba mchango utaendelea hata akikataa picha. Akikubali, achague mwenyewe picha na maneno yatakayoandamana nayo. Mara nyingi picha iliyopigwa kabla ya ugonjwa, au picha yake akiwa shambani amejitanda kanga, pamoja na barua ya daktari inayoonyeshwa kwa kamati pekee, hutosha. Mtoto asiwekwe uso hadharani. Mchangiaji anayetaka uthibitisho aelekezwe kwa kamati.

Funzo kutoka historia yetu

Fedha, urafiki na upasuaji wa uso vilikutana katika eneo letu zamani. Mwaka 1956 wapasuaji watatu walikutana katika shamba lililo chini ya Mlima Kilimanjaro. Michael Wood aliishi na kufanya kazi Afrika Mashariki. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa mwalimu wao. Thomas Rees alitoka Marekani. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maungo. Walikuwa wameona wagonjwa wenye majeraha ya moto, ya wanyama na ya ajali, pamoja na kasoro za kuzaliwa, wakiishi mbali na kila mpasuaji. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wa ndege, wakitafuta fedha kwa marafiki na wafadhili wa ng'ambo. Huduma hiyo ndiyo iliyokua na kuwa Amref.

McIndoe ana funzo la pili kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliwatibu marubani walioungua nyuso katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza. Matibabu ya mmoja yaliweza kuchukua operesheni nyingi kwa miaka. McIndoe alijua kwamba ngozi ikipona huku mtu akijificha, tiba haijakamilika. Aliwaruhusu wagonjwa kutoka wodini kwenda mjini katikati ya matibabu, na akawaomba wakazi wawapokee kama watu wengine. Mji ukajulikana kuwa mji usiokodoa macho. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama chao cha kusaidiana, kilichodumu miongo mingi baada ya vita. Kijiji cha Usambara hakihitaji fedha yoyote kufanya walichofanya wakazi wale.

Kipindi cha hatari: katikati

Turudi kwa mgonjwa wetu. Uvimbe umeondolewa na bamba limewekwa. Anarudi kijijini akiwa na kovu jipya shingoni, uso umevimba, mdomo wa chini una ganzi, na matamshi yamebadilika. Ganzi hiyo huweza kuwa ya kudumu, kwa kuwa mshipa wa fahamu hupita ndani ya mfupa ulioondolewa. Wachangiaji wanamtazama na kuulizana: fedha zetu zimefanya nini? Wengine wanaona uvimbe umetoka, basi kazi imekwisha. Maswali yote mawili yana matokeo yaleyale: daftari hufungwa.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Anayeishi na bamba bila mfupa anaweza kukaa salama mwaka au zaidi, kisha siku moja bamba linavunjika au linatoboa ngozi. Wakati huo upasuaji huwa mgumu zaidi na ghali zaidi kuliko ule ulioahirishwa.

Kinga yake ni maelezo ya mapema. Siku ya kuzindua mchango, mtu anayeaminika, ikiwezekana mganga wa kituo cha afya, awaeleze wachangiaji kwa idhini ya mgonjwa: hatua ni kadhaa, baada ya hatua ya kwanza hali ya uso inaweza kuonekana si nzuri, makovu hukomaa na kulainika kwa miezi sita hadi mwaka au zaidi, na uso hautarudi kuwa uleule wa zamani, ila utafanya kazi zake. Fedha za hatua ya pili zitengwe katika fungu lake tangu siku ya kwanza na zisiguswe. Na kwa kuwa ameloblastoma huweza kurudi baada ya miaka mingi, daftari libaki na ukurasa wa safari moja ya ukaguzi kila mwaka, kwa miaka isiyopungua kumi. Kwa kikundi cha watu 25, nauli hiyo ni mzigo mwepesi.

Kurudi sokoni

Lengo la mchango huu ni mgonjwa kurudi mezani pake sokoni na kula mbele za watu. Rafiki na amtembelee kabla hajatoka nje, wafanye pamoja mazoezi ya kufungua kinywa aliyopewa hospitalini, wale pamoja. Watoto waelezwe kwa maneno ya kweli: shangazi alikuwa na ugonjwa wa mfupa, ametibiwa, hauambukizi. Katika mikutano asitajwe kila mara kuwa ndiye aliyechangiwa. Aliyesaidiwa hadaiwi kushukuru maisha yake yote. Akipona na yeye atatoa shilingi 2,000 zake kwa mwingine.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kikundi chenu kina mfuko wa jamii? Katiba yenu inasema nini kuhusu ugonjwa wenye hatua nyingi?

2. Kutoka kijijini kwenu hadi hospitali ya rufaa, nauli ya mtu mmoja ni kiasi gani leo? Zidisheni mara 24. Kiasi hicho kimo katika bajeti zenu?

3. Nani kati yenu ana picha ya mgonjwa katika simu yake? Aliombwa idhini?

4. Yupo mtu kijijini ambaye mwaka huu ameanza kujifunika uso? Nani atamwendea, na atamwambia nini?

Swali la nne lisijibiwe kwa maandishi. Mtakapomaliza kikao, mmoja wenu aende kwa mtu huyo, na kesho yake amsindikize hadi kituo cha afya.